Ukitaka kuielewa mafia ya Sicily kule Marekani, fuata akina mama

Mpekua Masijala

Wakuu, habari za wikiendi. Juzi kuna mdau aliuliza: hivi zile "familia" tano za New York zilikuwa za ndugu kweli, au ni jina tu? Nilianza kumjibu palepale, jibu likarefuka, nikaona nilifungulie uzi wake.

Kwanza tuondoe mkanganyiko. "Familia" ya mafia siyo ukoo. Ni genge lenye bosi, msaidizi wake na vijana wa kazi. Haya majina tunayoyakariri, Gambino, Lucchese, Bonanno, Genovese, yalisambaa sana baada ya 1963, pale Joe Valachi, mwanamafia mwenyewe, alipokaa mbele ya Seneti ya Marekani akamwaga kila kitu. Kila genge likabaki na jina la mtu aliyekuwa bosi au aliyetajwa sana wakati ule. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa "wa Gambino" maisha yake yote bila kuwa na tone la damu ya akina Gambino.

Lakini chini ya genge kuna ukoo halisi, na huo huwezi kuuona kwa kufuata majina ya ubini peke yake. Ukoo wenyewe umejificha kwenye ukwe. Nina miaka kadhaa sasa usiku napekua daftari za vizazi na ndoa za Sicily pamoja na orodha za abiria wa meli. Wenzangu wanacheza bao, mimi nasoma mwandiko wa karani wa 1880. Na karibu kila mara kitu kinachofungua fundo ni jina la mama.

Mfano mwepesi ni Carlo Gambino mwenyewe, aliyezaliwa Palermo 1902. Mama yake alikuwa wa akina Castellano. Akaja akamuoa Catherine Castellano, yaani binti wa mjomba wake. Kaka yake Catherine ni Paul Castellano. Sasa Gambino alipokuwa anakaribia kufa 1976, kiti akakiacha kwa Paul, akamruka Aniello Dellacroce aliyekuwa msaidizi wake na mwenye heshima kubwa mtaani. Magazeti yaliandika kwamba Paul ni "shemeji" tu. Hapana. Paul alikuwa shemeji na mtoto wa mjomba kwa wakati mmoja, na watoto wa Carlo walikuwa na damu ya Castellano pande zote mbili, kwa bibi na kwa mama. Ukiangalia hivyo unaona kwamba Carlo kiti alikirudisha nyumbani kwa mama yake.

Kilichofuata mnakijua. Dellacroce alifariki 2 Desemba 1985, na tarehe 16 mwezi huohuo Paul akapigwa risasi nje ya Sparks Steak House, Manhattan. Kijana aliyechukua kiti, John Gotti, hata Msicilia hakuwa. Asili ya familia yake ni upande wa Napoli.

Nitaendelea, ngoja kwanza nione kama kuna watu.

---

Kijana wa Mbagala

Watu tupo mkuu, tumekaa mkao wa kula. Ila kabla hujafika mbali, Al Capone yeye alitokea kijiji gani cha Sicily?

---

Mpekua Masijala

Hakuna, mdogo wangu. Capone alizaliwa Brooklyn, Januari 1899, na wazazi wake walitoka Angri, karibu na Salerno, huko bara. Hajawahi kuwa Msicilia hata siku moja. Vito Genovese naye ni wa kijiji cha jirani na Napoli. Frank Costello, jina lake halisi Francesco Castiglia, ni wa Calabria, na Albert Anastasia vilevile. Lucky Luciano ndiye Msicilia: Salvatore Lucania, kazaliwa Lercara Friddi 1897, mji wa machimbo ya salfa.

Na hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Italia ina Castellammare zaidi ya moja. Kuna Castellammare del Golfo, mkoa wa Trapani, Sicily, na kuna Castellammare di Stabia, jirani na Napoli. Ukiona kwenye karatasi za uraia mtu kaandika "Castellammare" pekee, usikimbilie kushangilia.

---

Bint Malindi

Kaka, hilo la kuoa binti wa mjomba mbona kwetu pwani si ajabu? Binti ami, binti wa mjomba, watu wanaoana ili mali isitoke na siri isitoke. Ninachotaka kujua, hao ni Wakatoliki. Padre alikuwa anakubali?

---

Mpekua Masijala

Dada, swali lako ni dhahabu, maana jibu lake ndilo linalotupa ushahidi.

Kanisa lilikataza ndugu wa karibu kuoana, ila mlango wa ruhusa maalumu ulikuwepo. Maharusi waliomba, ikachunguzwa wanahusiana kwa daraja gani, kisha ruhusa ikatolewa. Na padre aliandika! Kwenye daftari la ndoa la parokia utakuta Kilatini kinasema hawa wamepewa ruhusa, wanahusiana daraja la pili, au la tatu na la nne. Yaani karani wa 1850 kakufanyia nusu ya kazi: kakwambia wazi kwamba bwana na bibi harusi wana babu mmoja. Kazi yako ni kumtafuta huyo babu.

Lugha nayo ina visa vyake. Kiitaliano kina neno *nipote*. Linaweza kuwa mjukuu, linaweza kuwa mpwa. Mwandishi wa Kimarekani akitafsiri ovyo, mjukuu wa mtu anageuka mpwa wake na shajara nzima, yaani mchoro wa ukoo, inapinda. Na Kiingereza chenyewe ni maskini kwa mambo haya, neno moja tu linambeba mtoto wa ami, wa mjomba, wa shangazi na wa mama mdogo. Mimi madokezo yangu yote naandika kwa Kiswahili. Nikiandika "mtoto wa mjomba" najua niko upande wa nani.

---

Wanjiru wa Tetu

Niko Nyeri nasoma huu uzi polepole. Kuhusu majina: ni kweli Wasicilia wana utaratibu wa kuwapa watoto majina ya babu na nyanya? Nimeona mahali nikashtuka, ni kama sisi Wakikuyu kabisa.

---

Mpekua Masijala

Ni uleule, dada yangu. Mtoto wa kwanza wa kiume anachukua jina la baba wa baba yake, wa pili la baba wa mama. Binti wa kwanza anachukua la mama wa baba, wa pili la mama wa mama. Mkikuyu akianza kufanya utafiti wa Sicily anakuwa tayari ana nusu ya funguo mkononi.

Raha yake ni kwamba ukijua majina ya watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, unaweza kubashiri majina ya babu na bibi zao kabla hujaliona daftari. Karaha yake ni kwamba ndugu sita wa tumbo moja wote wanamuita kifunguamimba wao jina la babu yuleyule. Mtaa mmoja unajaa akina Salvatore wenye ubini mmoja, wamepishana miaka miwili mitatu. Hapo ndipo safu ya jina la mama inapokuokoa. Bahati nzuri kwenye karatasi za Italia mwanamke haachi jina la kwao. Anazaliwa nalo, anaolewa nalo, anazikwa nalo.

Mfano hai ni akina Profaci. Joe Profaci, wa Villabate nje kidogo ya Palermo, alikuwa bosi Brooklyn na mfanyabiashara mkubwa wa mafuta ya zeituni. Kwenye ukoo huu kuna Rosalie Profaci wawili. Mmoja ni binti wa Joe, aliolewa na Anthony Zerilli wa Detroit. Mwingine ni binti wa kaka yake Joe, aliolewa 1956 na Salvatore Bonanno, maarufu kama Bill, mtoto wa Joseph Bonanno. Nimeona shajara mitandaoni zimewaunganisha wakawa mwanamke mmoja mwenye waume wawili! Ukizingatia kwamba Mtakatifu Rosalia ndiye mlinzi wa jiji la Palermo, jina hilo huko ni kama Asha au Mwanaidi kwetu.

Sasa vuta kiti. Joe Profaci mwenyewe alimuoa Ninfa Magliocco, na shemeji yake Joe Magliocco ndiye aliyeshika usukani Profaci alipofariki 1962. Binti mwingine wa Profaci, Carmela, aliolewa na Anthony Tocco wa Detroit, mtoto wa William Tocco. Na mke wa William Tocco ni nani? Ni dada yake Joseph Zerilli, bosi wa Detroit. Yaani mabinti wawili wa Profaci waliolewa na vijana wawili ambao ni mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi. Zerilli na Tocco wote asili yao ni Terrasini, mji wa wavuvi magharibi ya Palermo. Na Jack Tocco, mtoto mwingine wa William aliyekuja kuwa bosi, alimuoa binti wa Angelo Meli, mkubwa mwingine wa Detroit hiyohiyo.

Genge la Detroit likakaa miongo mingi bila vita kubwa za ndani kama zile za New York. Watu wanasema ni nidhamu. Mimi nasema ni vigumu kumuua mtu ambaye Jumapili mama yako anakutuma umpelekee sahani ya chakula.

---

Mchokozi

Kwa hiyo ukwe unaleta amani? Mbona Bonanno na Magaddino walitaka kumalizana?

---

Mpekua Masijala

Umenibana, na umenibana pazuri. Sikusema ukwe unaleta amani kila mahali. Nilisema Detroit.

Joseph Bonanno alizaliwa Castellammare del Golfo 1905, mama yake akiwa wa akina Bonventre. Stefano Magaddino, mtu wa mji huohuo, aliyezaliwa 1891, alikuwa ndugu yake wa ukoo na bosi wa Buffalo. Koo za Bonanno, Magaddino na Bonventre kule kwao zilikuwa upande mmoja dhidi ya akina Buccellato, na uhasama huo ulivuka bahari pamoja nao. Vile vita vya 1930 hadi 1931 kati ya mabosi wa New York, Joe Masseria na Salvatore Maranzano, vinaitwa vita vya Wacastellammare kwa sababu hiyo: upande wa Maranzano ulibebwa na watu wa mji mmoja mdogo wa pwani ya Sicily, waliotapakaa Brooklyn, Buffalo na Detroit.

Sasa ona mwisho wake. Kulikuwa na Gaspar DiGregorio. Huyu alimuoa dada yake Magaddino. Akawa msimamizi wa harusi ya Joseph Bonanno. Bonanno alipopata mtoto wa kiume, Bill, DiGregorio akawa baba yake wa ubatizo. Undugu gani tena unautaka? Miaka ya 1960 Bonanno akakosana na wakubwa wenzake, Magaddino akamsukuma DiGregorio achukue kiti, genge likapasuka vipande viwili. Januari 1966 Bill akaitwa kwenye kikao cha suluhu, mtaa wa Troutman, Brooklyn. Akamiminiwa risasi na watu wa baba yake wa ubatizo. Alitoka mzima, lakini hebu fikiria.

Kwa hiyo Mchokozi nakubaliana nawe kiasi. Ukwe unakwambia nani alikaa na nani meza moja. Haukwambii nani atamgeuka nani.

---

Kijana wa Mbagala

Baba wa ubatizo!! Aisee. Endelea mkuu, daladala imenipita nikisoma.

---

Fundi Saa

Mpekua, nakuheshimu, lakini kwenye uzi wako wa mwaka jana uliandika kwamba Nick Morello, mdogo wake Giuseppe Morello, yule bosi wa mwanzo wa mafia New York, aliuawa 1916. Nimepekua Corleone na sioni Nicolo Morello wa umri huo kwa wale wazazi. Una uhakika huyo mtu alikuwepo?

---

Mpekua Masijala

Fundi, umenikamata na ngozi. Alikuwepo, ila nilimwandika vibaya kwa kufuata magazeti ya wakati ule. Nirekebishe hapa mbele ya watu.

Giuseppe Morello alizaliwa Corleone 1867, yule aliyekuwa na mkono mmoja wenye kilema. Baba yake, Calogero Morello, alifariki 1872. Mama yake, Angelina Piazza, mwaka uliofuata akaolewa na Bernardo Terranova na kuzaa naye watoto wengine, wakiwemo Vincenzo, Ciro na Nicolo. Kwa hiyo ni ndugu wa tumbo moja, baba mbalimbali. Nicolo ubini wake ni Terranova. Marekani watu waliona kaka mkubwa ni Morello, wakadhani wote ni Morello. Aliuawa Brooklyn 7 Septemba 1916 na genge la Wanapoli. Vincenzo akauawa 1922. Giuseppe mwenyewe aliuawa Agosti 1930. Katika hao wanne, Ciro ndiye aliyekufa kifo chake, 1938.

Dada yao, Salvatrice Terranova, aliolewa 1903 na Ignazio Lupo wa Palermo, yule wa noti bandia. Ukishika "Morello" unampata Giuseppe peke yake. Ukimshika mama, Angelina Piazza, unapata genge zima: watoto wake na mkwe wake.

---

Bint Malindi

Si ndiyo kichwa cha uzi hiki. Umejithibitisha kwa kosa lako mwenyewe, kaka.

---

Shemeji wa Watu

Wakuu samahani, hivi ni sawa kweli kukaa tunasifia wauaji?

---

Fundi Saa

Nani kasifia? Tunasoma daftari. Na hao Wasicilia wengi waliovuka bahari walikuwa wakulima, wavuvi na wachimba salfa, ndio waliokuwa wa kwanza kutozwa pesa kwa vitisho na hawa jamaa. Kule New Orleans, Machi 1891, watu 11 wa asili ya Italia waliuawa na kundi la raia wenye hasira kwa kushukiwa tu, wengine walikuwa wameshaachiwa na mahakama. Jina la Kisicilia pekee lilitosha.

---

Mpekua Masijala

Nakazia hapo kwa Fundi. Ukikuta ubini wa bosi kwenye daftari usimvike mtu uhalifu. Mji mzima unaweza kuwa na ubini ishirini tu.

Na kabla sisi hatujazaliwa kuna mtu aliifanya kazi hii ya karatasi ikamgharimu uhai. Luteni Joseph Petrosino wa polisi wa New York, mwenyewe mhamiaji kutoka Padula. Sheria ya 1907 iliruhusu kumrudisha kwao mhamiaji mwenye rekodi ya uhalifu kama hajamaliza miaka mitatu Marekani. Petrosino akaenda Palermo 1909 kukusanya vyeti vya hukumu za watu waliokuwa tayari wako New York. Aliuawa 12 Machi 1909, Piazza Marina, akiwa bado anakusanya. Nikichoka kusoma mwandiko mbovu huwa namkumbuka.

---

Wanjiru wa Tetu

Sasa mtu akitaka kuanza anaanzia wapi? Si lazima mafia, hata mimi nataka tu kujifunza njia.

---

Mpekua Masijala

Anza Marekani urudi nyuma, usianze Sicily. Tafuta fomu zao za kujiandikisha jeshini za 1917 na 1918, na zile za 1942 za wazee. Wengi walitaja tarehe ya kuzaliwa, na ukibahatika, mji. Kisha karatasi za uraia. Kisha sensa, ambazo hufunguliwa baada ya miaka 72, ndiyo maana ile ya 1950 tumeiona 2022. Kisha meli: orodha za kuanzia 1907 zinamtaja ndugu wa karibu aliyeachwa nyumbani na pia yule anayekwenda kupokelewa naye. "Ninakwenda kwa shemeji yangu fulani, mtaa wa Elizabeth." Sentensi moja hiyo inakuunganishia koo mbili.

Na msidanganywe na ile hadithi kwamba maofisa wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji New York, walibadilisha majina ya watu. Ofisa alisoma orodha iliyoandikwa bandari ya kuondokea. Majina waliyabadilisha wenyewe baadaye, kazini, shuleni na polisi. Gaetano anakuwa Thomas. Calogero anakuwa Carl au Charles. Rosario Bufalino wa Montedoro akawa Russell Bufalino wa Pennsylvania.

Ukishaupata mji ndipo unaingia Sicily. Daftari za serikali huko zinaanza 1820, nyingi zimepigwa picha na unaziona bure kwenye tovuti ya Antenati. Kila kizazi kina jina la baba, umri wake, kazi yake, jina la mama na mtaa. Nyuma ya 1820 unabaki na parokia, na hapo uvumilivu na Kilatini vinahitajika.

Halafu angalia mji mzima, siyo mtu mmoja. Watu walivuka kwa makundi. Wachimba salfa wa Montedoro walikwenda migodi ya makaa ya mawe ya Pittston. Watu wa Ribera walikwenda Elizabeth, New Jersey, na genge la DeCavalcante likaota hapo. Akina Lonardo na Porrello waliouana Cleveland kwa ajili ya sukari ya kutengenezea pombe haramu, wote asili yao ni Licata, na mwanzoni walikuwa marafiki.

---

Kijana wa Mbagala

Swali la mwisho naenda kulala. Kuna yeyote mwenye uhusiano na Afrika? Au tunasoma ya watu tu.

---

Mpekua Masijala

Yupo, na ni bosi. Carlos Marcello wa New Orleans alizaliwa Tunis, Februari 1910.

Kutoka magharibi ya Sicily hadi Tunisia ni karibu zaidi, tena sana, kuliko kutoka Dar hadi Dodoma. Wasicilia walihamia kule kwa maelfu kulima na kuvua, na kwa miaka mingi Waitaliano walikuwa wengi kuliko Wafaransa wenyewe waliokuwa wakitawala. Wazazi wa Marcello walikuwa Wasicilia. Mtoto akaitwa Calogero Minacore, akapelekwa Louisiana akiwa mchanga. Kule bosi wa baba yake shambani naye alikuwa Minacore, kwa hiyo familia ikabadili ubini kuwa Marcello ili kuepusha mchanganyiko. Ukimtafuta Carlos Marcello kwenye daftari za Sicily utakesha. Hayumo, kwa jina wala kwa mji.

Hakuwahi kuwa raia wa Marekani. Aprili 1961, Robert Kennedy akiwa Mwanasheria Mkuu, walimkamata na kumpandisha ndege. Wakamtupa Guatemala, kwa sababu kulikuwa na cheti kinachoonyesha alizaliwa huko. Cheti kilikuwa cha kughushi. Miezi haikupita mingi akarudi Louisiana.

---

Fundi Saa

Subiri. Kwa hiyo mtoto wa Tunis, wa wazazi wa Sicily, karudishwa "kwao" Guatemala?

---

Mpekua Masijala

Kwa karatasi yenye muhuri, mkuu.